Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Basilan

Zamboanga, Ufilipino, 28 Oktoba 2011

Mwanangu,

Umesema meli yenu ya kwenda kisiwani Basilan ni Jumatatu. Sijafurahi. Nenda kwa kuwa umeamriwa, lakini usijitolee. Mkubwa wako akiuliza nani atangulie, wewe tazama viatu vyako.

Wale wanajeshi 19 waliouawa Al-Barka, hukohuko Basilan, tarehe 18, wamo waliokuwa bado mafunzoni, kozi ya kuzamia baharini! Wakaingizwa porini kumsaka kamanda mmoja wa MILF, wale waasi wa Kiislamu wa huku kusini, aliyetoroka jela mwaka 2009. Nani kati yao aliijua ile njia? Na palepale Al-Barka, mwaka 2007, wakafa wanajeshi 14 wakimtafuta padri wa Kiitalia aliyetekwa, kumi wakakatwa vichwa. Padri akarudi mzima siku chache baadaye. Hilo linanikereketa mpaka leo.

Sikuiti mwoga. Picha yako ya sare ipo sebuleni, na mgeni haketi kabla hajaonyeshwa. Ila najua uliivaaje hiyo sare. Ada ya chuo cha ubaharia ilikuwepo, halafu haikuwepo. Nyumba ilitaka mabati. Basi.

Najua wenzako wanataka kulipiza. Redioni nako kelele ni vita, vita. Rais Aquino amekataa, anasema anataka haki, na mazungumzo na MILF yaendelee, na watu wanamtukana. Mimi sikumpigia kura, lakini kwa hili nipo naye. Ingawa huko Payao, mkoani Zamboanga Sibugay, ndege za jeshi zimeshadondosha mabomu, sijui hiyo nayo tuiiteje. Wewe usijitolee tu.

Jirani yetu wa Basilan, yule muuza samaki wakavu, tangu Jumanne ile ya mauaji haji tena kuchota maji kwetu. Dada yake amekimbia kijiji na watoto wanne na sufuria moja. Jana nikambebea ndoo mbili mwenyewe. Alizipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Nilitaka kumwambia wewe hukuwepo huko. Nikanyamaza, maana Jumatatu utakuwepo.

Mshahara ukitoka usitume wote kwa baba yako, atanunua jogoo mwingine wa kupiganisha. Huyu aliyepo anakula kuliko sisi. Nitumie mimi, bomba la jikoni linavuja na fundi hataki mkopo tena.

Nimekufungia kopo la uduvi wa chumvi. Lifunge kwa nailoni mbili, la sivyo sare zote zitanuka. Ukifika tuma ujumbe kwa simu ya shangazi, yangu imekufa kioo. Hata neno moja, nitamwomba anisomee.

Mama yako