Zuu, neno moja limenikosanisha na Mama Rehema

Zuu shoga yangu,

Mambo vipi, hamjambo huko Tanga, watoto wazima? Mama mpe shikamoo yangu. Najua nimekaa kimya toka Idi ila leo usingizi umegoma kabisa, acha nikwambie.

Mama Rehema hanisemeshi, wiki ya pili hii. Nilimtumia meseji, "mama naomba ujirekebishe kidogo, kikoba tunaanza saa kumi", akajibu "nimefanya nini mimi mpaka nijirekebishe?" na toka hapo kimya, hisa anamtuma mtoto alete. Wallahi nilimaanisha muda tu Zuu, si najua sokoni anatoka amechoka.

Sasa hilo neno nimeliwaza mpaka kichwa kinaniuma. Rekebisha si tunaitumia kila saa, rekebisha sauti ya redio, rekebisha kioo cha gari, hata katiba, 1992 vyama vingi si vilirudi kwa marekebisho, Sheria Namba 4, neno lenyewe halina ubaya. Ila ukiliwekea hiyo "ji" basi kibovu ni mtu mwenyewe. Ndo neno la mwalimu kwenye ripoti, "ajirekebishe", ndo la baba kwa mtoto anayetoroka shule, na Magereza nao ndo wanavyosema, wanarekebisha wafungwa. Mimi nimemwandikia hilo mama mtu mzima, aliyenipokea mimi hapa mtaani sina hata ndoo. Na ile "kidogo" nikadhani inalainisha.

Fundi cherehani wetu pale kona hasemi narekebisha, anakwambia napunguza kiuno, naachia mabega, nashusha pindo, unajua kabisa mkasi unapita wapi. Wa pikipiki hivyohivyo, nakaza breki, naseti taimingi. Kila mtu anataja kinachoguswa. Ningesema "mama, turekebishe muda, tuanze kumi na nusu?" kinachoguswa ni muda, na mimi mwenyewe nimo kwenye hiyo "tu". Yaani herufi mbili tu Zuu, na huyu mama ndo aliyekaa na mimi hospitali usiku kucha, we unakumbuka.

Nilienda juzi na maembe, nikaambiwa amelala. Saa moja jioni, amelala?

Naomba umpigie, wewe anakusikiliza toka ule msiba wa Bi Tatu. Usimwambie nimekutuma, au umwambie? Unaona bora niende tena mwenyewe au nimtangulize Mwanaidi? Na kwenye kikoba niombe radhi mbele ya wote au hiyo itamuaibisha zaidi? We mama yako ungemwambiaje hilo jambo, kwa maneno gani hasa? Na unakuja lini, si ulisema mwezi huu?

Nijibu hata kwa voisi.

Wako,
Asha