Dawa za usingizi si diazepamu peke yake

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kukosa usingizi ilizungumzia diazepamu tu, kana kwamba utafiti uliishia hapo. Mwaka 1998 wanasayansi waligundua oreksini, kemikali ya ubongo inayotufanya tukae macho. Mtu akipoteza seli zinazoitengeneza hupata narkolepsi, akawa anasinzia mchana hata katikati ya mazungumzo. Basi wanasayansi wakajiuliza: je, tukiizuia oreksini kwa saa chache usiku? Ndipo Marekani ikaidhinisha dawa za kuizuia: suvoreksanti (2014), lemboreksanti (2019) na daridoreksanti (2022), na hiyo ya tatu ikaruhusiwa Ulaya mwaka huohuo.

Diazepamu hutuliza ubongo karibu wote, na mwili huizoea hata mtu asilale bila hiyo. Hizi mpya huzuia ishara ya kukesha tu. Hata hivyo zisisifiwe kupita kiasi: zinaweza kumwachia mtu usingizi wa asubuhi, jambo la hatari kwa dereva, hazimfai kabisa mwenye narkolepsi, na bei yake ni kubwa. Isitoshe, madaktari wengi huanza na tiba ya mazungumzo ya kubadili mazoea ya kulala, ambayo makala haikuigusa kabisa.

Wengi wetu tunameza piritoni ili tulale, na hiyo, jamani, ni dawa ya mzio! Naomba toleo lijalo mumhoji mfamasia atueleze ni zipi kati ya hizi zinapatikana nchini, na kwa cheti cha nani.

Msomaji wenu,
Morogoro