Plebe tajiri, patrisia kapuku

Shosti wangu,

Habari za masiku, huku sisi wazima tu, joto ndo linatumaliza. Barua yako nimeipata na nimecheka sana hapo ulipobishana na shemeji yako, eti anasema kwenye ile jamhuri ya Warumi mapatrisia ndo walikuwa matajiri na maplebe ndo walalahoi, hadithi imeisha. Aah haijaisha bana. Mi naona hapo ndo watu wengi wanapigwa chenga.

Upatrisia ulikuwa ni ukoo, sio hela. Unazaliwa kwenye koo fulani chache kina Cornelius, Claudius, Fabius, Julius, basi we ni patrisia hata kama mfukoni huna kitu. Sulla yule dikteta alizaliwa patrisia wa ukoo wa Cornelius lakini ujanani alikuwa anapanga vyumba vya bei chee mjini. Alafu muangalie Crassus, moja ya watu matajiri kupita wote Roma, huyo alikuwa plebe! Kwahiyo ukisema plebe unamsema kila raia asiyetoka kwenye zile koo, mkulima mwenye kijishamba yumo, fundi viatu yumo, na bwana mwenye mashamba na watumwa kibao naye yumo humohumo. Watumwa wenyewe hawahesabiki, na sisi wanawake enzi hizo kura hatukuwa nayo, hata uwe mama wa mkubwa gani.

Sasa huu mchanganyiko ndo kila kitu shosti. Baada ya kumfukuza mfalme, wanasema ni mwaka 509 KK, ofisi zote zilishikwa na mapatrisia, makonsuli (wale wakuu wa dola) wawili wa mwaka mmoja mmoja, makuhani, wote. Plebe maskini kilio chake kilikuwa madeni, maana ukishindwa kulipa unageuka mtu wa kumtumikia aliyekukopesha, unafungwa kabisa. Plebe tajiri yeye wala hadaiwi, yeye kinamuuma kwamba ana hela kama mapatrisia na vita anapigana kama wao ila ukonsuli haruhusiwi kugusa. Hawa wawili wakashikana mkono. Mwaka 494 KK, ndo masimulizi ya Warumi wenyewe yanavyosema, wanajeshi plebe wakagoma, wakatoka mjini wakaenda kukaa mlimani, adui yuko karibu na jeshi halipo, wakubwa wakasalimu amri. Hapo ndo wakapata matribuni wao, yaani viongozi wa kuwatetea plebe. Na tribuni sio wa mchezo, anaweza kusimamisha amri ya konsuli papo hapo, ukimgusa mwilini umejiuza, na mlango wa nyumba yake haufungwi usiku wala mchana ili mwenye shida aingie. Mi hiki kipengele cha mlango ndo nakipenda kuliko vyote.

Ila fuatilia nani alikula nini. Matribuni wawili, Licinius na Sextius, walipambana miaka hadi 367 KK wakapitisha sheria zao kwa furushi moja, unafuu wa madeni, mtu asishike zaidi ya jugera 500 za ardhi ya umma, hizo ni kama ekari 300 hivi, na konsuli mmoja aweze kuwa plebe. Mwaka uliofuata Sextius mwenyewe akawa konsuli, umeona eeh. Na Licinius miaka michache baadae akapigwa faini, kosa lake? kuzidisha ardhi kupita kiwango cha sheria yake mwenyewe, mtoto wake ndo alimsaidia kuficha. Nilivyosoma hapo nililala chali kwa kicheko.

Basi plebe matajiri wakaingia, wakaoana na mapatrisia (ndoa hizo zilikuwa zimeruhusiwa toka 445 KK), wakawa kundi moja la vigogo, na babu yako akishakuwa konsuli basi na we njia yako imefagiwa. Mpaka unafika wakati wa Cicero, yule msemaji maarufu, kuwa kwake konsuli mwaka 63 KK bila hata babu mmoja aliyewahi kuwa konsuli ikawa habari ya mji mzima.

Na usiniambie si walikuwa wanapiga kura. Walipiga ndio. Kura ya kuchagua makonsuli watu waligawanywa vikundi 193 kufuata mali, na kila kikundi kina kura moja tu. Wapanda farasi, ndo matajiri wenyewe, wana vikundi 18, daraja la kwanza la wenye mali vikundi 80, jumla 98, yaani wakikubaliana wao wenyewe nusu imeshavukwa na zoezi linasimamishwa. Wasio na mali kabisa, na walikuwa wengi balaa, walisukumwa kwenye kikundi kimoja, tena cha mwisho, ni kama foleni ya sukari ya bei ya serikali, ukifika dirishani wenye duka walishafunga zamani. Baadae walirekebisha kidogo hesabu za daraja la kwanza ila uzito ulibaki kulekule juu. Kulikuwa na mkutano mwingine wa makabila 35 (sio ya damu, ni kama maeneo ya kupigia kura) huo una nafuu, ila nao makabila 4 tu ndo ya mjini, yale 31 ya shamba, na mkulima wa mbali ataacha mavuno aje Roma kupiga kura? Anakuja mwenye nafasi.

Kwahiyo alipotokea tribuni Tiberius Gracchus mwaka 133 KK akataka ile sheria ya jugera 500 ifatwe kweli, ardhi ya ziada wapewe wasionacho, waliomvamia wala hawakuwa mapatrisia peke yao, ni maseneta wa kila aina, wamebeba vipande vya mabenchi. Na Tiberius naye kwa ukoo ni plebe, lakini baba ake alikuwa konsuli mara mbili na babu mzaa mama ni Scipio aliyemshinda Hannibal, yule jemadari wa Carthage! Wakamuua yeye na watu kama 300, maiti zikatupwa mto Tiber.

Alafu kuna Clodius, huyu mwambie shemeji ataacha ubishi mwenyewe. Patrisia kamili wa ukoo wa Claudius, anautaka utribuni na sheria haimruhusu, akafanyaje, mwaka 59 KK akajifanya ameasiliwa na plebe mmoja ambae ni kijana kuliko yeye, baba mdogo kuliko mtoto, na Caesar, konsuli wa mwaka huo, akasaidia karatasi zipite. Mwaka uliofuata tayari ni tribuni, anagawa ngano ya bure mjini na Cicero amekimbilia uhamishoni.

Ya Sulla na orodha zake za watu wa kuuawa sijayagusa, hayo yanataka barua yake. Nisalimie watoto, na ile picha ya harusi uliyoniahidi naisubiri bado.

Wako wa siku zote