Sungura hawazoeani kwa kuachwa wapigane

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu. Wiki iliyopita mlitoa makala kuhusu watoto wa mjini kufuga sungura nyumbani, makala nzuri tu sikatai, mambo ya banda na usafi mmeyaeleza vizuri, ila mlipofika kwenye kumtafutia sungura mwenza mkaandika eti ukinunua wa pili mtumbukize tu kwenye banda la wa kwanza, watapigana siku mbili tatu halafu watazoeana wenyewe. Jamani! Sentensi moja hiyo itaua sungura wa watu.

Mimi nafuga sungura hapa Tabata miaka mingi sasa, wa kupenda sio wa nyama (na wala sina ugomvi na wa nyama), na majirani wakipata shida na wa kwao wananiletea. Shida inayoongoza sio mafua wala ukurutu, ni hii hii. Mtoto kapewa sungura wa pili siku ya bethdei, baba kafungua mlango wa banda kamwingiza, familia nzima wamekaa sebuleni wanaangalia taarifa ya habari, mara wanasikia vishindo, wakikimbilia uani wanakuta manyoya yametapakaa banda zima na mmoja sikio limechanika.

Watu hawaamini kwa sababu sungura anaonekana mpole. Wakipigana kweli wanazunguka kama feni, huyu kamng'ata mwenzie makalioni na mwenzie naye kamng'ata yeye, huku wanapasuana tumbo kwa kucha za miguu ya nyuma. Madume ndo balaa zaidi, wanatafutana kwenye korodani na wanaweza kuhasiana kwa meno, sitanii. Ukiwakuta kwenye hali hiyo usitie mkono mtupu, chukua kizoleo au kipande cha boksi gumu uwachomekee katikati, au watupie taulo zito, kisha kila mmoja upande wake.

Sasa mtu atauliza, si ni wanyama wa kukaa pamoja hawa? Ndiyo, asili yao ni Uhispania na Ureno huko, wanaishi mashimoni kwa makundi, sio kama huyu wa porini kwetu anayetembea peke yake na wala hachimbi shimo, yule ni mnyama mwingine kabisa. Lakini kundi la shimoni lina wenyewe, lina mkubwa na mdogo na lina mipaka, na mgeni akitokeza anafukuzwa. Kule anayefukuzwa anatimua mbio, yameisha. Ndani ya banda la futi tatu atakimbilia wapi? Na mipaka yenyewe wanaiweka kwa harufu, sungura ana tezi chini ya kidevu, ndo maana unamwona anapitisha kidevu kwenye kila kitu, kona ya kochi, ndala zako, bakuli lake, ukijumlisha mkojo na mavi anayotawanya makusudi. Kwa hiyo banda ambalo wewe unaona ni mbao na wavu tu, kwake lina mwenyewe kila kona, na wewe unamtupia mgeni humo humo.

Kabla hata hujafikiria kuwakutanisha hakikisha jinsia. Wauzaji wa sokoni watakuambia "hii ni pea, dume na jike", wakati watoto wa wiki sita hata mzoefu anakosea, na nimeshaona mapea mengi ya dume kwa dume. Wanakaa poa tu, wanalala wamelaliana, mama mwenye nyumba anawaita mapacha, halafu wakifika miezi mitatu minne balehe inaingia na undugu unaisha. Na kama kweli ni dume na jike hapo shida inageuka upande wa pili. Mimba ya sungura ni kama siku 31, jike anaweza kushika mimba nyingine siku ile ile aliyozaa, na wala usihesabu siku za hatari kwa sababu mayai yake yanashuka baada ya kupandwa, yaani kupandwa kwenyewe ndo kunayashusha. Ukizubaa utakuja kugawa sungura mtaa mzima na watu wataanza kukukwepa.

Dawa ni kumhasi dume na jike kutolewa kizazi, na pea ya namna hiyo ndo inayoelewana kirahisi kuliko zote. Jike asiyetolewa kizazi akizeeka saratani ya mfuko wa uzazi inawapata sana, na kabla ya hapo kuna zile mimba hewa, ananyonyoa manyoya ya kifuani anajenga kiota, watoto hamna, na mwenzie akisogea anarukiwa. Dume naye akishahasiwa usimpeleke kwa jike jioni ile ile, mbegu zinabaki na nguvu wiki nne hadi sita. Na tafadhali, mtu akikwambia umshindishe sungura na njaa usiku wa kuamkia operesheni kama wanavyofanya kwa mbwa, badilisha mtu. Sungura hatapiki, mwili wake haukuumbwa kutapika, na tumbo lake likisimama kufanya kazi ndo unampoteza. Sio kila bwana mifugo anazijua hizi operesheni, wengi wamezoea ng'ombe na kuku, muulize kabisa ameshahasi sungura au ndo anataka kujifunzia kwa wako. Chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine (SUA) pale Morogoro wana hospitali ya wanyama, ni pa kuanzia kuuliza.

Hapo sasa ndo kazi yenyewe inaanza, na ni kazi ya uvumilivu tu. Mabanda mawili pembeni kwa pembeni, yameachana kidogo wasing'atane pua kupitia wavu. Wanaonana, wananusana, wanalala hivyo. Kila baada ya siku unachota maranda machafu kidogo ya huyu unaweka kwa yule, au unawahamisha kabisa huyu alale kwa yule na yule kwa huyu, mpaka harufu ya mwenzake isiwe habari. Chakula unakiweka usawa wa wavu pande zote mbili, matembele, ukoka, chochote wanachokipenda, kila akimwona mwenzie awe anatafuna. Mwanzoni mmoja anaweza kususa na kupiga mguu chini puu puu usiku kucha mpaka wapangaji walalamike. Muache. Utajua wamefika pazuri ukikuta wamelala wameelekeana kwenye wavu bila noma. Wengine siku chache tu, wengine miezi, na hakuna njia ya mkato hapo.

Pa kuwakutanisha pasiwe pa yeyote kati yao, bafuni, koridoni, baraza la jirani kama mnaelewana. Tandika mkeka maana sungura kwenye tailizi anateleza na akiteleza anaogopa. Kwa sisi wa Dar nenda alfajiri au jioni, kwanza ndo muda wao wa kuchangamka, pili hili joto la Januari na Februari likivuka nyuzi 30 sungura hana raha, hatoi jasho, joto lake linatokea masikioni, na ukiruhusu akimbizwe saa nane mchana anaweza kufa kwa joto hata kama hajang'atwa. Ukiweka boksi la kujificha lito­boe milango miwili, boksi la mlango mmoja ni mtego, mmoja anabanwa ndani. Dakika kumi au kumi na tano zinatosha, watoe wakati bado wanaelewana, msisubiri mpaka kinuke.

Na mjue cha kuangalia. Masikio yamelala nyuma, mkia umesimama, shingo imenyooka, huyo anataka kumrukia mwenzie, mkinge haraka. Kukimbizana kidogo na kunyofoana vinyoya viwili vitatu ni kawaida. Kupandana pia sio mapenzi, ni kuoneshana nani mkubwa, jike naye anampanda dume, waache sekunde chache, ila akipanda upande wa kichwani mshushe hapo hapo kwa sababu wa chini akiuma anauma sehemu za siri. Kinachowachanganya watu ni pale wanapokaa kila mmoja kona yake hawaangaliani, mtu anasema hawapendani hawa. Hapana, kumpuuza mwenzio mbele yake ni dalili nzuri sana kwa sungura.

Kuna jirani yangu ana jike mweupe na dume wa kijivu, nilikaa nao bafuni kwake jioni moja. Yule jike kasogea taratibu, kashusha kichwa mpaka kidevu kikagusa mkeka, katulia pale mbele ya pua ya dume. Mtu angesema ana adabu, kumbe ile ni amri, anasema nilambe. Dume kajifanya ana shughuli na mguu wake. Jike kamsukuma kwa pua. Dume kageuka kampa mgongo. Jirani akataka kuwatoa, nikamwambia tulia kaka, huyo hajakataa, anaringa tu. Mara dume naye akageuka akashusha kichwa chake, wakawa wote wawili wameinama kipaji kwa kipaji wanagombania nani alambwe kwanza na hakuna anayelamba. Siku hiyo wakarudi kila mtu kwake. Lakini masikio yalikuwa yamelegea na ndicho nilichokuwa nakitafuta. Ulimi ulikuja siku nyingine, dume akalamba kipaji cha jike mara tatu nne, na watoto wa yule jirani wakapiga kelele za shangwe mpaka sungura wote wawili wakakimbilia nyuma ya ndoo.

Wakishalala pamoja, wanakula sahani moja, wanasafishana, na siku mbili mfululizo, usiku ukiwemo, zimepita hawajakimbizana, basi safisha banda lote vizuri uondoe harufu za zamani, ukiweza badilisha hata mpangilio wa vitu, ndo uwahamishie.

Kuna wengine nimesikia wanawaweka kwenye boksi moja wanapanda nalo bajaji wanazunguka mtaani, eti wakiogopa watakumbatiana. Watakumbatiana kweli, kwa sababu wanaogopa, wakishuka wanarudi kule kule. Mimi siipendi hiyo njia. Na wengine wakiona usumbufu wanamletea sungura simbilisi akae naye, hapana jamani, sungura atamwonea yule maskini, anabeba vijidudu vya kifua vinavyomdhuru simbilisi, na hata chakula chao sio kimoja, simbilisi lazima apate vitamini C kwenye majani yake na sungura anajitengenezea mwenyewe mwilini.

Sasa Mhariri nifike kwenye kilichonifanya niandike hasa. Kidonda cha meno ya sungura kinadanganya. Juu unaona katobo kadogo, manyoya yanafunika, baada ya siku kadhaa panavimba jipu, na usaha wa sungura ni mzito hautiririki wenyewe, lazima daktari afungue na wakati mwingine atoe jipu zima. Wazazi wengi wanachofanya ni kwenda duka la dawa la mtaani wananunua amoksilini ya mtoto wanamnywesha sungura. Nimeletewa mnyama wa hivyo zaidi ya mara moja, kidonda kinaelekea kupona na sungura anakufa kwa kuhara. Dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni kwa sungura zinaua wale bakteria wazuri wa tumboni, wale wabaya wanapata nafasi wanatoa sumu, na hapo hata daktari hana cha kukufanyia. Osha kidonda kwa maji ya chumvi, kata manyoya yanayozunguka, mpeleke kwa daktari wa mifugo, na akiandika dawa muulize kama inafaa kwa sungura. Hajala tangu asubuhi mpaka jioni? Usingoje kesho.

Na ukimpeleka mmoja mpeleke na mwenzie, hata kama mzima. Akirudi peke yake ananuka spiriti na mbwa wa hospitali, mwenzie hamtambui, na mnaanza upya kule kwenye mabanda mawili.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, toleo lijalo mrekebishe ile sentensi, hata kwa mistari miwili pale pale kwenye ukurasa wa familia, na mkipata nafasi mumtafute daktari wa mifugo aandike kuhusu hiyo amoksilini, maana mimi ni mfugaji tu na watu wa duka la dawa hawanisikilizi.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam