Barua ya wazi kwa mdogo wangu: Kabla hujalipia hiyo Porsche, tuisome ripoti pamoja

Mdogo wangu,

Ripoti ya ukaguzi uliyonitumia nimeisoma yote, kisha nikairudia. Naelewa kwa nini umefurahi. Ina kurasa nyingi, picha zimepigwa vizuri, alama za vema zimejaa kila ukurasa, na mwishoni fundi ameandika kwamba gari liko katika hali nzuri kwa umri wake. Umeniuliza kama utume malipo ya awali. Usitume bado. Nakujibu hadharani kwa sababu najua wapo wengine walioshika ripoti kama yako na wanangoja mtu awaambie nunua au acha.

Fungua ukurasa wa vimiminika. Kuna mstari unasema: "Maji ya rejeta: sawa." Sasa gari unalolitaka ni Porsche 911 Carrera 3.2 ya mwaka 1985. Injini ya gari hilo inapozwa kwa hewa na oili. Haina rejeta ya maji, na haikuwahi kuwa nayo. 911 ya mwisho ya kupozwa kwa hewa ilitoka kiwandani mwaka 1998. Fundi wako ametia alama ya vema kwenye kitu ambacho hakipo.

Simwiti mwongo. Pengine ana fomu moja anayoitumia kwa kila gari, na ameipitia haraka haraka. Lakini mkono uliotia alama hapo bila kutazama ndio uliotia alama kwenye breki, kwenye shokamzoba na kwenye kutu. Kwa hiyo tangu mstari ule nimekuwa nikijiuliza swali moja tu katika kila ukurasa: hapa alipima, au alitupa jicho akapita?

Chukua injini, maana inaweza kula pesa zako nyingi. Ameandika "kompresheni nzuri", yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Nzuri ngapi? Silinda ni sita, nilitegemea kuona namba sita, pamoja na neno moja linaloniambia kama injini ilikuwa ya moto au baridi. Namba zikikaribiana, hata zikiwa chini kidogo, sishtuki. Tano zikilingana na moja ikaanguka, hapo ndipo pana habari.

Tena kompresheni peke yake haitoshi. Kipimo ninachokitaka ni cha uvujaji wa silinda, na ripoti yako haikitaji kabisa. Fundi huizungusha injini hadi pistoni ya silinda moja ifike juu kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimefunga. Anafungua plagi, anafunga mpira wa hewa kwenye tundu lake, anaingiza hewa kwa presha maalumu, na geji inamwonyesha ni asilimia ngapi inapotea. Injini yenye afya hupoteza chini ya asilimia 10 hivi. Ikifika 20 au kupita, mnunuzi lazima aulize. Halafu kinakuja kile ninachokipenda zaidi katika kipimo hiki: fundi anatega sikio. Hewa ikisikika kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi haikai sawasawa. Ikisikika upande wa kuingizia hewa, ni ile valvu nyingine. Ikipuliza kwenye mdomo wa kujazia oili, inapenya kwenye ringi za pistoni. Kwa hiyo hupati tu habari kwamba injini imechoka. Unajua imechokea wapi, na ukimpigia fundi mwingine anaweza kukukadiria gharama.

Kuna jambo jingine ambalo fundi anayezifahamu 911 za miaka ile hawezi kulisahau. Silinda hedi, yaani vifuniko vinavyoziba silinda, zimeshikiliwa na bolti ndefu 24, na zile za safu ya chini, upande wa ekzosi, zina sifa mbaya ya kukatika. Ukiendesha huenda usihisi lolote kwa muda mrefu. Njia ya kujua ni kufungua vifuniko vya chini vya valvu na kutazama nati zake. Bolti ikiwa imekatika, nati yake hukutwa imelegea, au imedondokea ndani ya kifuniko. Si kazi kubwa kuitazama. Kuirekebisha ndiko kukubwa, kwa sababu injini inashushwa na kufunguliwa. Ripoti yako ina picha tatu za usukani, na hakuna hata moja ya vifuniko hivyo.

Sasa nikuondolee hofu mbili. Umeandika kwa herufi kubwa kwamba gari lilitoa moshi wakati wa kuwashwa. Silinda za injini hii zimelala ubavu, na oili kidogo huweza kujipenyeza ndani gari linapokaa. Moshi unaotoka mara moja ukapotea haunisumbui. Ungeendelea injini ikiwa ya moto, au ungetoka kila unapoondoa mguu kwenye kanyagio cha mafuta mteremkoni, ningekuwa na wasiwasi, kwa sababu 3.2 inafahamika kwa mirija ya valvu, ile ambamo valvu huteleza, inayochakaa mapema, na gari likaanza kula oili. Muulize mwenye gari huongeza oili kila baada ya kilomita ngapi. Hofu ya pili ni ile geji ya oili kuonyesha imepungua. Kwenye gari hili oili hupimwa injini ikiwa ya moto, inaunguruma, na gari limesimama pasipo na mteremko. Ukipima injini imezimwa, geji itakudanganya, na asiyelijua gari anaweza kuongeza oili hadi ipitilize.

Gia boksi imepewa mstari mmoja. Ya mwaka 1985 ni ya aina ya 915, kabla ya aina ya G50 iliyoanza na modeli ya 1987. Uchakavu wake hujitokeza kwenye gia ya kwanza na ya pili. Nataka kujua kama alishusha kutoka ya tatu kwenda ya pili na kama ilikwaruza. Safari ya kuzunguka uwanja wa gereji haiwezi kukuambia hilo.

Bodi inanipa shida zaidi ya injini, mdogo wangu, kwa sababu injini inatengenezeka ukiwa na pesa na subira, lakini bodi iliyooza ukaifunika kwa rangi ni kisima kisicho na mwisho. Porsche walianza kupaka zinki bodi nzima ya 911 kuanzia modeli ya 1976, nayo ilisaidia sana. Haikufuta kutu. Chini ya betri kule mbele, vizingiti vya milango, kandokando ya vioo vya mbele na nyuma, hapo ndipo pa kutazama, gari likiwa limenyanyuliwa juu. Picha zako zote zimepigwa mtu akiwa amesimama. Hakuna pia vipimo vya unene wa rangi. Rangi ya kiwandani huwa na mikroni (sehemu za elfu za milimita) 100 hadi 150 hivi. Ikiwa mara mbili, gari limepigwa rangi upya, na si kosa kwa gari la umri huu. Ikipita 1,000, chini yake kuna pati ya kuziba mabonde na matundu, na mwenye gari atueleze inaficha nini.

Kuhusu kilomita, usizitie moyoni. Gia ndogo za plastiki ndani ya kile kihesabio hukatika, namba zikaganda huku gari likiendelea kutembea kwa miaka. Risiti za huduma zenye tarehe ndizo ushahidi. Hakikisha pia namba ya chesisi iliyogongwa kwenye buti la mbele na namba ya injini zinalingana na karatasi. Ripoti inasema "zimeonekana". Zimeonekana, ziliandikwaje? Anitumie picha.

Huyo fundi umeniambia alipendekezwa na muuzaji. Basi mlipe mwingine, anayezishughulikia 911 za kupozwa kwa hewa, na wewe mwenyewe ndiye umwajiri. Mpe maswali haya kabla hajaliona gari, mwombe muuzaji ruhusa ya kufungua vifuniko vya valvu, na mwambie gharama ya kuvifunga ni juu yako. Muuzaji akikataa gari linyanyuliwe kwa lifti au lifanyiwe kipimo cha uvujaji, mshukuru, utafute gari jingine. Akikubali, nitumie zile namba za silinda sita na picha za chini ya gari. Nikishaziona ndipo tutakaa tuzungumze bei.

Kaka yako