Andika sifuri

Nairobi,
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Watamu. Viatu vyangu bado vina matope ya jana na shingo imekakamaa kwa kuinamia darubini, lakini nakuandikia leo leo kabla sijasahau.

Jana nilikwenda kuhesabu ndege wa maji. Hesabu hii ya kimataifa ilianza mwaka 1967, na huku kwetu hufanywa kila Januari tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Januari sisi tunaunguzwa na jua, lakini kaskazini ya dunia maji ya ziwani yameganda kuwa barafu, na ndege waliokimbia baridi ile wameshatulia huku. Hawako safarini tena, ndiyo maana wanahesabika.

Kundi letu lilipangiwa mabwawa ya majitaka ya Dandora, yale yaliyo Ruai. Najua umeshakunja pua! Harufu ipo, sikufichi, ila ukishaona kilichomo unaisahau. Maji yale yamejaa vijidudu, na penye vijidudu ndege hakosi. Chamchanga walikuwa wanakimbia kwenye kingo za matope, wanadonoa bila kupumzika. Tena kuna bata mmoja, mdomo wake bapa kama koleo, anauburuta juu ya maji huku akichuja chakula. Huyo huzaliana Ulaya na Asia ya kaskazini. Nilimtazama muda mrefu hadi nikaambiwa tusonge. Safari yote ile, Mwanaidi, na riziki yake iko kwenye maji tuliyoyamwaga sisi.

Mwenzangu alikuwa anaita, mimi naandika. Kundi kubwa halihesabiwi mmoja mmoja. Unahesabu kumi kwa makini, unaangalia wamechukua nafasi kiasi gani, kisha unalipima kundi zima kwa kipimo hicho. Mimi nilipata mia mbili, mwenzangu mia tatu na hamsini, tukarudia hadi tukakaribiana. Halafu wakaruka wote wakatua bwawa la pili, nami nikawaandika upya. Mzee aliyetuongoza akanifutisha. Lazima uangalie wanakoelekea, la sivyo unahesabu kundi lile lile siku nzima.

Wakati wa chai mzee huyo alituambia kwamba Marekani wanahesabu wakati wa Krismasi tangu mwaka 1900. Kulikuwa na desturi ya kwenda kuwinda ndege siku hiyo, akatokea mtaalamu wa ndege, Frank Chapman, akawataka watu wawahesabu badala ya kuwaua. Nimempenda mtu huyo bure.

Lakini nililotaka hasa kukuambia ni hili. Tulifika bwawa moja, hakuna hata ndege. Nikafungua ukurasa mwingine. Mzee akaurudisha kwa kidole chake: "Andika sifuri, binti yangu. Ukiacha wazi, atakayesoma atadhani hatukufika."

Nikaandika. Nimeandika majina ya ndege wengi jana, wengine ndiyo kwanza nawajua, lakini ile sifuri ndiyo iliyonishika moyo. Maana nilikumbuka mikoko tuliyochezea utotoni, ndege walivyokuwa, na sasa tukiulizwa walikuwa wangapi hakuna mwenye jibu. Sisi tuliwaona kila siku na hatukuandika chochote.

Wewe uko hatua chache tu kutoka ghuba ya Mida. Maji yakijaa, ndege wa pwani hukusanyika mahali pamoja wakingoja yapwe, na wakati huo ndio mzuri wa kuwahesabu. Januari ijayo nataka likizo yangu niilete huko tuhesabu pamoja. Nitakuja na madaftari.

Ile darubini ya marehemu baba yako bado iko kabatini? Itoe uiangalie vioo, kuvu la pwani halichelewi.

Wako akupendaye,
Zuhura