Asante, mzee wa pikapu ya kijani

Mimi na mume wangu tunakushukuru kwa dhati, mzee wetu uliyesimama kutusaidia kwenye barabara ya 83, kusini mwa Valentine, Nebraska, Marekani. Kule Sandhills ni vilima vya mchanga vilivyoota nyasi, ng'ombe, na simu isiyoshika mtandao. Magari yenyewe ya kuhesabu. Tairi limepasuka, na nyuma tumebeba vitenge vya sare za sendofu ya mpwa wetu kule Denver. Ulilala chini kwenye kokoto, ukafungua nati zilizoshika kutu, kisha ukatusindikiza polepole hadi kwa fundi, mjini Thedford. Pesa ulikataa katakata. Sare zilifika, na mashangazi walizicheza mpaka usiku wa manane! Jina hukututajia. Mungu akuzidishie, baba, wewe na mifugo yako.